Hedwiga Aliyeukuna Mgongo wa Mlima

Kila asubuhi, kabla jembe halijagusa udongo, Hedwiga alikuwa anauamkia mlima.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba," mlima unaitikia kutoka chini kabisa, kwa sauti nzito kama ya jiwe la kusagia. "Umeamkaje, mke wa Egidi?"

"Salama, Babu. Mgongo je?"

"Unawasha. Njoo."

Basi anapanda, anatema mate viganjani, anaanza kulima. Watu wote wa huku juu ya Kingerikiti walikuwa wanafanya hivyo hivyo, wala hakuna aliyeona ajabu. Ukifika mlangoni kwa mtu unapiga hodi. Ukipanda mgongoni kwa mtu unamwamkia. Asiyeamkia jembe lilimrukia usoni, akarudi nyumbani na nundu, na kwa nundu hiyo watu walijua mara moja malezi yake.

Wenye milima hiyo waliitwa Wenyeji, kwa kuwa watu walipofika waliwakuta. Kila ntambo, yaani mlima mmoja kati ya vijito viwili unaolimwa na ukoo mmoja, ulikuwa na Mwenyeji wake amelala kifudifudi chini ya udongo. Ziwani nako walikuwapo, wa majini, wanaojuana na wa milimani kama mashemeji. Mwenyeji wa ntambo ya kina Egidi, mume wa Hedwiga, aliitwa Babu Mgongo. Kichwa chake ni lile jiwe kubwa la juu, lenye chemchemi mbili zinazotiririka kama pua ya mtu mwenye mafua. Miguu yake iliishia bondeni, kwenye migomba. Akipiga chafya, siku ya tatu mvua. Akikohoa, kuku wanadondoka bandani. Padri alipokuja kubariki mbegu alimnyunyizia na yeye maji ya baraka, na Babu akasema, "Asante sana, Padri, ila mwakani uyapashe moto kidogo."

Alikuwa na nguvu za kuuvunja mlima kama mtu anavyovunja mkate, lakini kwa watu alitaka kitu kimoja tu: kukunwa. Na mkuno wake ni ngolo. Wanaume wanafyeka nyasi, wanaziacha zinyauke, halafu wanazipanga mtelemkoni, mistari ya kushuka na mistari ya kukatisha, mpaka mlima wote unakuwa kama wavu wa kuvulia. Nyuma yao wanakuja wanawake na majembe. Wanachimba katikati ya kila jicho la wavu na kuutupa udongo juu ya nyasi. Palipochimbwa panabaki shimo, penye nyasi panainuka tuta, na maharage yanapandwa pale pale juu ya tuta. Mvua ikija, maji yanatulia mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Waliwahi kufika mabwana wawili wenye madaftari, wakauliza nani aliyebuni kilimo hiki. Wazee wakawaambia, "Si sisi. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa anaelekeza: hapo, hapana, pembeni kidogo, ehee."

Hedwiga hakuzaliwa kwenye ntambo hii. Kwao ilikuwa upande wa Ukata, na nasema ilikuwa, kwa sababu haipo. Alipokuwa na miaka tisa hivi, baba zake wakubwa na wadogo waligombania mpaka. Misimu miwili hakuna aliyelima. Kila mmoja alikaa mlangoni kwake akimlinda mwenzake, na waliojua nani ana haki walinyamaza wasije wakaonekana wana upande. Mwenyeji wao alijikuna mwenyewe kwenye miamba mpaka akachoka. Asubuhi moja akaamka, akajikung'uta, akaenda zake. Hakumdhuru mtu. Nyumba aliziweka pembeni moja moja, taratibu, kama mama anayepanga vyungu, hata mbuzi mwenye mimba alimshusha kwa vidole viwili. Lakini alipoondoka, mlima nao ukaondoka, maana mlima ni yeye. Pakabaki shimo la matope na vyura wengi mno. Ukoo ukatawanyika, wengine Mbinga mjini, wengine Songea. Hedwiga akalelewa na mama yake mdogo, akaacha shule darasa la tatu. Mtu akimuuliza kwao wapi, alikuwa ananyoosha mkono, halafu anaushusha polepole, kwa kuwa hapakuwa na cha kuonyesha.

Labda ndiyo maana alijua kuchimba kuliko wenzake. Alipoolewa na Egidi, mama mkwe wake, Bibi Gertrude, alimpeleka shambani siku ya tatu tu, akasimama nyuma yake na mikono kiunoni. Bibi Gertrude ni mtu ambaye sifa zake ni chache kama nyama ya Kwaresima. Hedwiga alipomaliza mashimo kumi, mlima ukaguna kwa raha, na Bibi Gertrude akasema, "Haya, si mbaya." Watu wa ukoo wanaihesabu hiyo kuwa ndiyo harusi yenyewe.

Sasa ikaja miaka ya ruksa. Biashara zilifunguliwa, mitumba ikapanda milima kwenye vichwa vya watu, na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kufika na magari yao, wakapeana mikono hata na watoto. Aliyechangamka kuliko wote alikuwa Placidi, mdogo wake Egidi. Alijinunulia koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu na akalivaa hata akienda kuoga mtoni. Kila neno lake likawa haraka. Ugali haraka, rozari haraka.

Mwezi wa tatu wa mwaka mmojawapo Egidi alikuwa ameteremka Chiwanda, kando ya ziwa, kumsaidia rafiki yake Aidan, mvuvi, kujenga nyumba. Kwa hiyo kazi ya nyasi ikamwangukia Placidi. Alizifyeka, na siku moja kabla ya ngokela, ile kazi ya pamoja ambayo mwenye shamba anaandaa pombe na majirani wanakuja na majembe, akazipanga.

Jumatano asubuhi wanawake kumi na watatu walifika shambani. Wakaamkia. Babu akaitikia. Hedwiga akainua macho, akaona nyasi zimepangwa mistari ya kushuka tu, kutoka mabegani mwa Babu hadi kiunoni, imenyooka kama meno ya kitana. Ya kukatisha haukuwapo hata mmoja.

"Shemeji," alimwita Placidi, aliyekuwa anafunga vifungo vya koti tayari kuondoka. "Mistari ya kukatisha iko wapi?"

"Iko njiani, shemeji," Placidi akacheka. "Wakala wa kahawa yuko Kingerikiti, anagawa fulana. Wakifika hamsini wa kwanza, basi. Nyie limeni, tuta ni tuta."

"Lakini Babu hajawahi…"

"Ah! Babu naye azoee. Dunia imebadilika."

Hedwiga akamgeukia mama mkwe. Bibi Gertrude aliyaona yote, maana macho yake hayapitwi na hata sisimizi, lakini alisema tu, "Nyasi ni za wanaume." Ndivyo ilivyo huku tangu zamani: mwanamke hagusi nyasi zilizopangwa, na mwanaume hashiki jembe la ngolo. Kila mtu na mkono wake. Hedwiga alikuwa na neno mdomoni. Alilimeza. Akainua jembe na wenzake wakainua yao.

Mstari wa kwanza ulipofika katikati ya mgongo, mlima ulisema, "Hi."

Wanawake wakatazamana.

"Hi hi."

"Babu anaumwa?" mmoja akauliza.

"Hi hi hi! Acheni! Acheni, nyie watoto!"

Ngolo inakuna, lakini mstari mmoja mrefu unaoshuka uti wa mgongo ni kama unyasi unaopitishwa kwenye unyayo. Babu Mgongo, mwenye umri ambao hata Wenyeji wenzake walikuwa wameacha kuuhesabu, alitekenywa. Alicheka kicheko ambacho kilisikika hadi Mbinga. Mlima uliruka juu na kurudi. Wanawake wakabiringika mpaka kwenye mihogo, sketi vichwani. Pipa la pombe likapinduka, na kwa hilo watu walilia kweli. Placidi, aliyekuwa ameshafika nusu ya njia, alirushwa pamoja na koti lake akatua migombani, kifundo cha mguu kikateguka.

Kicheko kikaisha. Kisha Babu akazungumza, na sauti yake ilikuwa ya mzee aliyeanguka mbele ya wakwe.

"Mimi sijacheka tangu ziwa lilipojaa. Leo nimecheka kama mtoto, na milima yote imenisikia."

"Tusamehe, Babu," Hedwiga alisema, bado yuko kwenye mihogo.

"Sina hasira, mjukuu. Nimechoka tu. Jumapili, baada ya misa, nisije nikawavuruga mkisali, nitaondoka. Nateremka ziwani kwa shemeji yangu. Kule mawimbi yanakuna bila kuombwa. Nyumba zenu nitaziweka pembeni vizuri, msiwe na wasiwasi."

Hedwiga aliyasikia maneno hayo ya mwisho. Aliyajua.

Jioni wanaume wa ukoo walikaa kwenye sengu, mahali wanapokula pamoja na kukata mashauri. Walikula, wakakata shauri: aliyezipanga nyasi vibaya ndiye atakayezipanga upya. Ndiyo desturi. Tatizo, Placidi hakuweza kusimama, na mganga wa zahanati alisema wiki mbili. Basi asubiriwe. Je, Babu atasubiri? Wazee wakakohoa. Mmoja akasema aitwe Egidi, ndugu wa damu anaweza kushika nafasi. Wakamwagiza mtu. Wakaomba mboga nyingine.

Alhamisi, kimya. Ijumaa, mlima ulianza kufunga safari. Babu alichomoa mguu wa kushoto kutoka kwenye migomba, akaunyoosha, akaupiga piga kuondoa udongo. Jumamosi adhuhuri aliinua bega. Nyumba ya Hedwiga ikainama, na sufuria zikateremka zenyewe kutoka jikoni mpaka uani, moja nyuma ya nyingine kama bata.

Saa hiyo hiyo akatokea Aidan kutoka ziwani, jasho tupu, kikapu cha dagaa begani.

"Hodi, jamani! Shikamoo, Bibi Gertrude."

"Marahaba. Mla ugali wa watu umefika. Na Egidi yuko wapi?"

"Mume wa huyu Hedwiga alinunua viatu vya mitumba, Bibi, akasema hawezi kurudi kwake peku kama mvuvi. Vimemla visigino vyote viwili. Nimemwacha njiani anatembea kama kinyonga. Atafika Jumatatu."

"Jumatatu!" Hedwiga alisema.

"Ndiyo. Na mimi nimetumwa na watu wa pwani." Aidan akatua kikapu, akashika kofia kwa mikono miwili. "Habari za Wenyeji zinapita chini kwa chini, haraka kuliko simu. Yule wetu wa majini tangu Jumatano anafagia, anasema anapokea mgeni, shemeji yake wa milimani. Na anapofagia tu, maji yamefika ngazi ya tatu ya kanisa letu. Sasa mlima mzima ukiingia ziwani si tutavua samaki madhabahuni? Tunawaomba, shikilieni mzee wenu."

"Nyie Wanyasa wa ziwani," Bibi Gertrude alimtania, "hata mlima mnaogopa kuoga nao."

"Tunaogopa sana, Bibi. Sisi tunajua kula tu, kulima tumewaachia nyie."

Hedwiga hakucheka. Aliangalia bega lililoinuka na udongo unaomwagika pembeni mwake. Aliwaangalia wanaume wa ukoo, waliokuwa wamekaa kwenye sengu iliyoinama, kila mmoja ameegemea mwenzake ili asianguke, wanasubiri desturi ipone mguu. Akaingia nyuma ya nyumba ya Placidi. Hapo palikuwa na lundo kubwa la nyasi, zimenyauka vizuri, ambazo Placidi aliziweka za kuezekea stoo yake mpya ya kahawa. Akabeba mzigo wa kwanza kichwani.

"We shemeji!" Placidi alipiga kelele kutoka kitandani, akimwona dirishani. "Hizo ni za paa langu!"

"Ruksa, shemeji," Hedwiga akajibu bila kugeuka. "Dunia imebadilika."

Alipofika shambani, Bibi Gertrude alikuwa amemtangulia, na hakuna aliyejua mwanamke wa umri ule alipandaje haraka hivyo. Alisimama mbele yake.

"Weka chini. Mwanamke hapangi nyasi."

"Mama," Hedwiga alisema, na mzigo bado kichwani, "Jumatano niliona, nikanyamaza kwa sababu ya nyasi. Kwetu nako waliona, wakanyamaza kwa sababu ya mpaka. Nilikwenda kuishi kwa mama mdogo, halafu nikaja huku. Sina mlima wa tatu wa kuhamia."

Bibi Gertrude hakusogea, lakini pembeni yake palikuwa na nafasi ya kupita, na Hedwiga akapita.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba," Babu akajibu, akili yake iko kwenye safari. "Njoo uage kesho, leo nimeshika kazi."

Hedwiga alichuchumaa akatandaza shada la kwanza la nyasi, la kukatisha, juu ya mistari ile ya kushuka. La pili. La tatu. Miaka yote alikuwa anawatazama wanaume wakifanya hivyo, na kutazama si kufanya. Mstari ulikuwa unapinda kama mkia wa nguruwe. Aidan alikuwa anapandisha mizigo nyuma yake, anahema, anateleza, anaomba samahani kwa kila sehemu ya Babu anayoikanyaga.

Mlima ukatulia ghafla.

"Mkono huo siujui," Babu alisema. "Nani anapanga?"

Chini kule kwenye sengu wanaume wote walisimama.

"Ni mimi, Babu. Hedwiga."

"Mwanamke?"

"Ndiyo, Babu."

Hapo hata chemchemi zile mbili zilikoma kutiririka. Aidan alivua kofia, akapiga ishara ya msalaba. Hedwiga alibaki amechuchumaa, shada mkononi, hajui alishushe au alirudishe. Aliwaza matope na vyura.

"Kushoto kidogo," Babu akasema.

"Hapa?"

"Bado. Shuka. Shuka tena. Huko si mgongo, huko ni mbavu, unanitekenya tena. Panda. Ehee. Hapo. Sasa chimba."

Hedwiga alishika jembe, akachimba shimo moja, udongo akautupa pande nne juu ya nyasi. Mlima ukaguna. Akachimba la pili.

"Yule kijana aliyetangulia," Babu alisema, "alikuwa na haraka. Kukuna kwa haraka si kukuna. Na bega hili, nimeliinua tangu adhuhuri, sasa limeshika ganzi. Lipo juu sana au naona vibaya?"

"Lipo juu, Babu. Nyumba yangu imeinama."

"Ah. Pole." Na bega likashuka, polepole, likaishia karibu na pale lilipokuwa mwanzo, si pale pale. Kutoka shambani kwa Hedwiga sasa kipande cha ziwa kinaonekana, chembamba kama ukanda. Zamani hakikuonekana.

Kazi ilikuwa kubwa. Kupanga na kuchimba kwa mtu mmoja ni kama kuimba zaburi na kuitikia mwenyewe. Jua lilikuwa limeinama upande wa ziwa, na Hedwiga hakuwa amefika hata kwenye kiuno. Alinyoosha mgongo wake mwenyewe, akasikia jembe nyuma yake. Alikuwa Bibi Gertrude, sketi ameifunga magotini, anachimba mstari ule uliopinda.

"Mstari wako mbaya," Bibi Gertrude alisema bila kuinua uso.

"Najua, mama."

"Ule wa chini yake si mbaya sana. Endelea kupanga, usinisubirishe."

Kutoka chini, wanawake wawili wakaanza kupanda na majembe, halafu watatu. Mwanaume mmoja naye akapanda, akabeba mizigo pamoja na Aidan, akijifanya amekuja kumwonyesha mgeni njia. Mguu wa kushoto wa Babu ukarudi migombani kwa kishindo kidogo, na Placidi kitandani akapiga yowe akidhani ni nyumba inaanguka.

Hedwiga alipanga mpaka kiunoni. Alipomaliza shada la mwisho, alipiga magoti akaweka kiganja kwenye udongo.

"Babu," aliita. "Kesho baada ya misa, utaondoka?"

Babu hakujibu. Hedwiga akasubiri, akainamisha sikio. Ardhi ilikuwa inapanda na kushuka, kidogo sana, na kutoka juu kwenye lile jiwe kubwa kulikuwa kunatoka mvumo mzito, mrefu, unaokatika na kuanza tena.

"Babu?"

"Shh," Bibi Gertrude alisema. "Utamwamsha. Chimba."